Kusajili, kukagua, kufunga: tuzielewe sheria za NGO

Mwishoni mwa Juni 2019 Bunge la Tanzania lilipitisha muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali ulioletwa kwa hati ya dharura. Ndani yake zilikuwamo sheria ya kampuni, ya takwimu, ya filamu na michezo ya kuigiza, ya uwakala wa meli, na humo humo ikachomekwa sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Mashirika mengi yaliyokuwa yameandikishwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kama kampuni zisizo na hisa, zile ambazo wanachama hudhaminiana badala ya kugawana faida, yalipewa miezi miwili kuhamia kwa Msajili wa NGO. Katiba zikaandikwa upya, mihtasari ya vikao ikasainiwa haraka haraka, watu wakapanga foleni kutafuta mihuri. Walioulizwa tatizo ni nini walijibu kwa neno moja: udhibiti. Serikali nayo ilitumia neno hilo hilo, ila yenyewe ililitaja kama jambo jema.

Mkanganyiko huu haukuanza 2019. Kwa miaka mingi Tanzania Bara mtu aliyetaka kuanzisha asasi alikuwa na milango minne. Kulikuwa na Sheria ya Jumuiya, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo wengi wanaijua kupitia vyama vya kidini. Kulikuwa na bodi ya wadhamini, ambayo siku hizi unaifuata RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Kulikuwa na BRELA. Na tangu mwaka 2002 ikawapo Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24, iliyofuata sera ya taifa ya mwaka 2001. Zanzibar ina sheria na msajili wake, kwa kuwa jambo hili si la Muungano. Shirika lililoandikishwa mlango mmoja lilitakiwa pia kuchukua cheti cha pili kwa Msajili wa NGO ili kuonyesha kwamba linaifuata sheria hiyo. Wengine walichukua, wengine hawakuchukua. Na waliokuwa na wanasheria wazuri walipenda BRELA kwa sababu ya msingi kabisa: kampuni si rahisi kuifunga kwa barua.

Nadhani hapo ndipo fundo lilipo. Tunaposema “kudhibiti NGO” tunayafunga pamoja mambo matatu ambayo kila moja lina sababu zake na hatari zake. La kwanza ni kuandikisha, yaani nani anatambuliwa. La pili ni kukagua, yaani fedha zimetoka wapi na zimefanya nini. La tatu ni kufunga: nani ana mamlaka ya kusema shirika hili basi, na ukionewa unakwenda kwa nani. Mtu anaweza kutaka ukaguzi mkali kabisa na bado akapinga namna mashirika yanavyofungwa. Ubishi wetu mwingi huja kwa sababu mmoja anatetea la pili, mwenzake anasikia la tatu.

Historia inaeleza kwa nini mwenzake husikia hivyo.

Mwaka 1954, mwaka ule ule ilipozaliwa TANU, serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuandikisha vyama. Kwa sheria hiyo chama hakikuwa halali mpaka mrajisi akikubali, na kila tawi lilihitaji kibali chake. TANU makao makuu ilikubaliwa, lakini Usukumani ilipigwa marufuku kwa miaka kadhaa, hadi 1958. Gavana hakulazimika kuthibitisha mahakamani kwamba wakulima wa pamba walikuwa wamevunja amani. Ilitosha kutokuwaandikisha. Waliopigania uhuru waliijua vizuri sheria ile, maana iliwauma wao wenyewe. Uhuru ulipokuja hawakuifuta.

Baada ya hapo nchi iliingia katika kipindi ambacho chama kilitaka kila kikundi kikae chini yake. Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakulima waliokuwa wakilima na kuamua mambo yao kwa pamoja katika vijiji kama Litowa, kilivunjwa na TANU Septemba 1969, ingawa walichokuwa wakikifanya kilifanana sana na kile ambacho Azimio la Arusha lilikuwa likikihubiri. Mwaka 1976 ikawa zamu ya vyama vikuu vya ushirika. Kwa hiyo mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, na wafadhili wakaanza kupitisha fedha nyingi kwenye asasi, serikali iliyokuwapo haikuwa na mazoea ya kukaa na kikundi cha wananchi ambacho haikukiunda yenyewe.

Kesi ya BAWATA inaonyesha jambo hili kuliko hotuba yoyote. Baraza la Wanawake Tanzania, likiongozwa na Anna Tibaijuka, liliandikishwa mwaka 1995 chini ya ile Sheria ya Jumuiya, yaani mjukuu halali wa sheria ya Gavana. Liliwafundisha wanawake wapime wagombea kwa mambo yanayowagusa: maji, ardhi, mirathi. Mwaka 1996 likasimamishwa, na 1997 likafutiwa usajili, kwa madai kwamba linafanya siasa kama chama na kwamba halikuwasilisha hesabu zake kama inavyotakiwa. Walikwenda Mahakama Kuu. Hukumu ilikuja 2009: kufutwa kule kulikiuka Katiba. Walishinda. Lakini miaka 12 ni mingi kwa chama cha hiari. Ofisi zilikuwa zimefungwa zamani, wanachama wametawanyika, na kizazi cha wasichana ambao baraza lile lingewalea kilikuwa kimeshakua bila hilo. Kila ninaposikia mtu akisema “aliyeonewa aende mahakamani”, naikumbuka hesabu hiyo ya miaka.

Angalia pia yale madai mawili yalivyowekwa pamoja. La siasa lilikuwa la kubishaniwa. La hesabu lilikuwa la karatasi, na karatasi mara nyingi ndiyo kamba inayokaza. Agosti 2021 Ofisi ya NGO ya Uganda ilisimamisha mashirika 54 kwa mkupuo, na sababu zilizotolewa zilikuwa za aina hiyo: vibali vilivyokwisha muda, taarifa za mwaka ambazo hazikupelekwa, wengine kutoandikishwa. Mengine huenda yalikuwa na makosa kweli. Ila sheria inayodai karatasi nyingi kuliko uwezo wa watu kuzijaza huwafanya karibu wote kuwa na kosa, na hapo anayechagua nani aadhibiwe ndiye mwenye nguvu halisi.

Sasa upande wa serikali, maana upo na una uzito.

Mashirika ya mfukoni yapo. Mtu ana cheti, muhuri, akaunti ya benki na mkoba. Ofisi haina, wanachama ni mkewe na shemeji yake. Anaandika andiko la mradi kuhusu yatima wa kata fulani, anapata fedha, anafanya semina ya siku mbili yenye picha nyingi na posho, na yatima hawaoni hata daftari. Anayefanya hivyo anaiba mara mbili: anawaibia watoto wale, na anawaibia mashirika ya kweli imani ya watu. Zaidi ya hapo, shirika linaloomba msamaha wa kodi linaomba fedha ya umma kwa mlango wa nyuma, na umma una haki ya kuuliza inakwenda wapi. Wala sioni ubaya Msajili kutaka hesabu zilizokaguliwa.

Pia kuna msukumo wa nje ambao wananchi wengi hawausikii. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na fedha haramu, kilitoa pendekezo maalumu kuhusu mashirika yasiyo ya kibiashara, kikihofia kwamba yanaweza kupitisha fedha za ugaidi. Nchi isiyotimiza viwango vyake huwekwa kwenye orodha ya kijivu, na benki zake hupata shida kufanya biashara na benki za nje. Tanzania iliingia kwenye orodha hiyo Oktoba 2022 na ikatoka Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Kwa hiyo afisa anayekuomba majina ya wajumbe wa bodi, nakala za vitambulisho na mikataba ya wafadhili mara nyingine anajibu swali lililotoka mbali sana na ofisi yake. Tatizo ni kwamba serikali nyingi zilibeba pendekezo lile na kulipanua. FATF yenyewe ililirekebisha mwaka 2016, ikaondoa maneno yaliyosema mashirika haya yako hatarini zaidi kuliko taasisi nyingine, na 2023 ikasisitiza tena kwamba hatua zilenge mashirika yenye hatari inayoonekana, si yote kwa pamoja. Marekebisho hayo hayakusafiri kwa kasi iliyosafiri nayo hofu ya mwanzo.

Turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo sheria nyingi zinapouma. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilisema shirika likipata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 lipeleke mkataba kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu usainiwe, na litangaze hadharani fedha lilizopokea. Mkurugenzi wa shirika kubwa lililo Dar es Salaam, mwenye mhasibu na mwanasheria, anaweza kulitimiza hilo bila kutoka jasho. Kikundi cha wanawake wa Nachingwea kilichopata ruzuku moja tu katika maisha yake ni habari nyingine. Milioni 20 zikigawanywa kwa mwaka mzima, ukatoa kodi ya chumba, nauli, mishahara ya watu wawili na ada ya mkaguzi anayetambuliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, kinachobaki kwa kazi yenyewe ni kidogo. Kiwango cha milioni 20 kimewaweka kwenye mizani moja na watu wanaopokea mabilioni.

Nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi. Ethiopia mwaka 2009 ilipitisha sheria iliyosema shirika linalopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje haliruhusiwi kufanya kazi za haki za binadamu, usawa wa kijinsia, haki za watoto na watu wenye ulemavu, wala upatanishi wa migogoro. Ukisoma haraka unaweza kusema: basi wachange Waethiopia wenyewe. Lakini katika nchi ambayo wananchi wengi ni wakulima wadogo, nani angechangia mshahara wa wakili wa kumtetea mwanamke aliyepigwa? Chama cha wanasheria wanawake wa Ethiopia, kilichokuwa kikiwasaidia maelfu ya wanawake, kililazimika kupunguza sehemu kubwa ya wafanyakazi wake. Halafu kukawa na kanuni nyingine iliyotaka gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 30. Nayo ilionekana ya busara, mpaka ukasoma kilichohesabiwa kuwa uendeshaji: safari za kufuatilia miradi, mafunzo ya wafanyakazi, na mengine ambayo kwa shirika la kutoa elimu ndiyo kazi yenyewe. Sheria hiyo ilifutwa 2019 na mpya ikaruhusu tena fedha za nje kwa kazi za haki. Miaka 10 ilikuwa imepita.

Kenya ilikaribia kufuata njia hiyo. Mwaka 2013 serikali ilipeleka bungeni marekebisho yaliyotaka fedha za nje zisizidi asilimia 15 ya bajeti ya shirika. Wabunge waliyakataa Desemba mwaka huo, baada ya mashirika ya kiraia kuyapinga. India ilitumia njia tofauti: tangu 2020 kila shirika linalopokea fedha za nje lazima zipitie tawi moja la benki ya serikali mjini New Delhi, na haliruhusiwi kuligawia shirika lingine fedha hizo. Fikiria asasi ya kijiji iliyozoea kupata fedha kupitia shirika kubwa la jimboni. Mfereji ulikatwa katikati.

Nakiri kwamba utegemezi wa fedha za nje ni ugonjwa. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake na hatimaye kuifunga USAID, mashirika yaliyokuwa yakifuatilia wagonjwa wa Virusi vya UKIMWI nyumba kwa nyumba yalifunga milango ndani ya wiki chache, na hakuna mgonjwa aliyeulizwa. Lakini ugonjwa huo hauponi kwa kumnyima mgonjwa chakula. Dawa yake ni kuwawezesha wananchi kuchangia: kumpunguzia kodi anayechangia, kurahisisha makusanyo ya kwenye simu, kuacha misikiti, makanisa na vyama vya wilaya vikusanye bila woga. Kumwekea mtu dari bila kumjengea ngazi hakumsaidii.

Nimefika kwenye kufunga.

Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ya Kenya ilichapisha orodha ya watu na taasisi ilizozihusisha na ugaidi. Mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa, yalikuwamo. Akaunti zikafungwa. Mwezi Juni Mahakama Kuu mjini Mombasa iliona hakuna ushahidi wa kuyahusisha na ugaidi, lakini akaunti zilifunguliwa Novemba tu. Katika miezi ile, mama wa Majengo au Kisauni ambaye mwanawe alikamatwa usiku alikuwa na mlango mmoja pungufu wa kubisha. Tanzania nayo, Agosti 2020, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu ulisimamisha shughuli zake baada ya akaunti zake kuzuiwa. Zilifunguliwa mwaka uliofuata, uchaguzi ukiwa umeshapita.

Hapa ndipo maandishi ya sheria yanapostahili kusomwa kwa miwani. Kwa sheria ya Tanzania, Msajili huteuliwa na Rais, na mwenyekiti wa Bodi ya Uratibu wa NGO vilevile. Marekebisho ya 2019 yalimpa Msajili uwezo wa kusimamisha shughuli za shirika wakati Bodi ikisubiriwa kuamua. Asiyeridhika na Bodi anakata rufaa kwa Waziri. Tazama mstari huo kutoka juu hadi chini: anayekusimamisha, anayekuhukumu na anayesikiliza rufaa wote ni mkono mmoja wa serikali. Wanaweza kuwa watu waadilifu kabisa, na nimekutana na maofisa maendeleo ya jamii wa wilaya wanaobeba kazi hii kwa moyo wote, bila usafiri. Bado anayelalamikia serikali analazimika kuilalamikia kwa serikali, kabla ya kuifikia mahakama ambayo kwa BAWATA ilichukua miaka 12.

Kenya imejaribu kuukata mstari huo. Sheria ya kwanza, ya 1990, ilitungwa mwaka mmoja baada ya Wangari Maathai kupinga jengo refu lililotaka kujengwa Uhuru Park na chama chake cha Green Belt kufukuzwa katika ofisi ya serikali, kwa hiyo kila mtu alielewa ilimlenga nani. Sheria mpya, ya mashirika ya manufaa kwa umma, ilisainiwa na Rais Mwai Kibaki Januari 2013. Inataka ombi la usajili lijibiwe ndani ya siku 60, inaunda jopo maalumu la kusikiliza mizozo kati ya shirika na mamlaka, na kutoka hapo rufaa inakwenda Mahakama Kuu. Ikasainiwa, ikachapishwa, ikakaa. Waziri hakutangaza tarehe ya kuanza. Mahakama Kuu iliagiza mwaka 2016 itangazwe, haikutangazwa. Ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024, miaka 11 baadaye. Sheria nzuri inaweza kufungiwa kabatini kwa kutosainiwa karatasi moja, na hili ni jambo la kuangaliwa na kila anayeandika sheria kama hii kwingineko: tarehe ya kuanza iandikwe ndani ya sheria yenyewe. Uganda wakati huo huo ilikuwa ikienda upande mwingine. Mwaka 2024 ofisi yake ya NGO, iliyokuwa na uhuru kiasi, iliingizwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Limebaki swali moja ambalo sheria hizi hulitaja kwa mstari mmoja na kuliacha. Shirika linawajibika kwa nani? Kwa Msajili, ndiyo. Kwa mfadhili, sana. Sheria yetu ya 2002 inasema taarifa ya mwaka ipatikane pia kwa umma, lakini sijawahi kuona shirika likiulizwa kwa nini halikuwapa wananchi taarifa hiyo. Serikali ya kijiji hulazimika kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Shirika lililotumia fedha nyingi kuliko kijiji chenyewe, kwa jina la wanakijiji hao hao, halilazimiki.

Niliwahi kuwa mhazini wa shirika dogo la kuchimba visima. Mwaka mmoja mwenyekiti wetu alisisitiza taarifa isomwe kijijini kabla ya kupelekwa wilayani. Tulikuwa na hesabu safi, mkaguzi ameshasaini, kila risiti imebandikwa mahali pake. Tulisoma chini ya mwembe, watu wakasikiliza kwa adabu. Tulipofika kwenye visima saba vinavyotoa maji, bibi mmoja aliinua mkono akasema, “Wanangu, hicho cha karibu na shule kimekauka tangu mwezi wa pili. Ninyi mmekihesabu cha ngapi?”

Mfadhili hakuwa ameuliza hivyo, wala ofisi ya wilaya, wala mkaguzi. Jioni ile tuliifungua tena taarifa, tukafuta saba, tukaandika sita, na gharama za kukifufua cha saba tukaziweka kwenye bajeti ya mwaka uliofuata.